Chumvi mbichi na ya kupikwa, ipi ina nafuu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama ana presha na kaambiwa apunguze chumvi. Sasa nyumbani ni ubishi tu, shangazi anasema mbaya ni ile chumvi mbichi ya kunyunyizia mezani, ikishachemka jikoni haina neno, kwa hiyo kichupa tumekificha ila mchuzi unapikwa vilevile. Tuko sawa? Na kwa siku mtu ale kiasi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo shangazi kawapoteza, ingawa si yeye tu, hilo neno nalisikia kila siku. Chumvi ikichemka haigeuki kitu kingine, inayeyuka tu mchuzini na ile sodiamu inayopandisha presha iko palepale. Kuficha kichupa mmefanya vizuri, sasa hamieni kwenye sufuria.

Kiasi ni hivi: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu hakijai, na hapo umeshahesabu kila kitu, mkate wa asubuhi, chapati, maharage, mpaka lile embe la chumvi na pilipili la pale kituoni. Wengi wetu tunapita hapo bila kujua.

Maana inajificha. Vile vidonge vya mchuzi vya kufungwa kwenye karatasi, sehemu kubwa yake ni chumvi, halafu mtu anaweka viwili na bado anaongeza ya kwenye kopo, jamani! Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu japo ulimi hausikii chumvi. Ng'onda mloweke kwanza, maji yale mwaga. Na pakiti ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 ndo upate chumvi yenyewe.

Ile ya pinki ya bei mbaya ni chumvi tu, msihangaike nayo, bakini na yenye madini joto ya kuzuia rovu ila muitumie kidogo. Zile chumvi mbadala, zenye potasiamu badala ya sodiamu, mama asiguse kabla hajamuuliza daktari wake, hasa kama figo zina shida.

Punguzeni polepole, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitasaidia, wiki chache tu ulimi unazoea. Na dawa zake asiache eti kwa sababu mchuzi sasa hauna chumvi.