Jikoni na Shangazi: Aisingi ya biskuti inayogoma kukauka masika

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Naoka biskuti za siagi nyumbani na kuuza, na sasa nimepata oda ya send-off ya Jumamosi ya wiki ijayo: mioyo yenye aisingi nyeupe na maua ya rangi ya damu ya mzee juu yake. Nimefanya majaribio, hayaniridhishi. Aisingi inalala usiku kucha na asubuhi bado inanata. Nikiweka kwenye friji ili igande, nikizitoa rangi ya maua inachuruzika kwenye nyeupe. Natumia ute wa yai na aisingi shuga ya dukani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwa oda. Jambo la kwanza, biskuti zilizopambwa zisiingie tena kwenye friji. Aisingi ya ute wa yai haigandi kwa baridi kama siagi. Inakauka kwa sababu maji yake yanapanda hewani. Ukitoa biskuti baridi ukaiweka kwenye joto la Tanga, hewa yenye unyevu inaacha vitone vya maji juu yake, sukari inavinywa palepale, na rangi inaanza kutembea. Huko ndiko damu ya mzee yako inakochuruzikia.

La pili ni hali ya hewa yenyewe. Sukari inavuta unyevu, na masika ya pwani yamejaa unyevu. Mtu wa Njombe akikwambia yake imekauka kwa saa sita, anasema kweli, ila ni kweli ya kwake. Sisi huku tupange saa 24, na tuwe na feni.

Sasa vipimo. Chukua nusu kilo ya aisingi shuga uichekeche, hata kama pakiti ni mpya, maana donge dogo likiziba tundu la mfuko wa kuchorea utaharibu mstari mzima. Ute wa mayai mawili makubwa, au matatu kama ni ya kienyeji. Nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu, kuusaidia ute ushikamane. Bakuli liwe la kioo au la chuma, ulipanguse kwanza kwa kipande cha ndimu. La plastiki hubakiwa na mafuta hata likioshwa, na mafuta, au tone la kiini cha yai, yanaua povu. Piga kwa spidi ndogo mpaka iwe nyeupe na nzito, ncha yake isimame na kupinda kidogo. Usiongeze spidi kwa haraka ya kumaliza: utaingiza hewa, na hewa hiyo itatoka baadaye kama vishimo juu ya biskuti.

Hiyo nzito ndiyo ya kuchora ukingo. Nyingine itoe pembeni uilainishe kwa ajili ya kujazia katikati, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu nadhani ndipo tatizo lako lilipo. Maji yaingie matone machache kwa wakati mmoja. Koroga taratibu, inua kijiko, acha uzi wa aisingi uangukie ndani ya bakuli, halafu hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Uzi ukizama na uso ukawa laini kati ya 15 na 20, umefika. Ukizama kabla ya kumi, maji yamezidi: aisingi itavuka ukingo, itabonyea katikati, na itanata mpaka kesho kutwa. Ongeza sukari uliyochekecha, hesabu tena. Kwa pwani mimi naipenda ifike 20.

Ukishajaza trei moja, iweke mbele ya feni ya mezani hapo hapo, kabla hujagusa ya pili, upepo upite juu ya biskuti kwa ubavu. Ngozi ya juu ikiwahi kufunga, aisingi haibonyei na inabaki na mng'ao mzuri. Chumba chenye kiyoyozi ni bora zaidi, maana kiyoyozi kinapunguza unyevu hewani. Usizifunike. Ili ujue imekauka, bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole karibu na ukingo: ikikubali hata kidogo, iache.

Kuhusu maua, usiyachore juu ya nyeupe. Yapige pembeni kwenye karatasi ya kuokea kwa aisingi nzito, yakauke peke yake, kisha uyabandike kwa nukta ya aisingi nyeupe. Rangi iwe ya jeli, kwani ile ya maji inalegeza mchanganyiko, na zile za mafuta zinazotengenezewa chokoleti usizitie kabisa. Rangi nzito huzidi kukolea ikikaa, kwa hiyo changanya jioni, simamisha ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, bandika plastiki iguse uso wake, uweke bakuli kwenye friji mpaka asubuhi. Mchanganyiko kwenye friji sawa, biskuti hapana.

Basi oka Jumanne, maua yapige siku hiyo hiyo. Biskuti zipoe kabisa na zilale juu ya karatasi, kwa sababu biskuti yenye uvuguvugu hupandisha siagi na kuacha madoa kwenye nyeupe. Jaza Jumatano asubuhi, bandika maua Alhamisi, funga Ijumaa. Na umeme ukikatika wakati mvua inanyesha, mpigie mteja umwambie mapema kwamba utachora ukingo na nukta tu, katikati ya biskuti pabaki wazi. Mistari myembamba hukauka hata bila feni, na kwa macho yangu moyo wa namna hiyo unapendeza sana.

SWALI: Mimi ni mama wa Mombasa. Nataka kupamba biskuti na wanangu, mdogo ana miaka mitatu. Ute mbichi ni salama?

JIBU: Kwa mtoto wa miaka mitatu, mama, usiutumie. Wala kwa mjamzito, mzee au mgonjwa. Yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na sukari haiwaui. Tafuta unga wa ute wa yai kwenye maduka ya vifaa vya keki: vijiko 3 vya chakula kwa gramu 450 za aisingi shuga, na maji vijiko 6 vya chakula kuanzia. Ukiukosa, kikombe cha aisingi shuga, vijiko 2 vya chai vya maziwa na 2 vya glukosi ya maji vinatosha. Hiyo inang'aa na inakauka laini, ila haichoreki mistari myembamba. Watoto wachovye tu, wamwagie pambo juu, watafurahi.

SWALI: Aisingi shuga imepanda bei hapa Morogoro. Naweza kusaga sukari ya kawaida kwenye blenda?

JIBU: Kwa keki ya nyumbani, ndiyo. Saga kikombe kimoja pamoja na kijiko cha chakula cha kornflawa, uchekeche mara mbili. Lakini kwa biskuti za kuuza, hapana: blenda ya nyumbani huacha chembe, na chembe huziba tundu na kuufanya uso uonekane kama mchanga. Nunua ya dukani ya kuchorea ukingo na kujazia, ile ya kusaga ibaki kwa kunyunyizia juu ya kaimati.