Ukialikwa harusi ya kijijini Oaxaca

Wewe unayehamia kusoma au kufanya kazi katika vijiji vya Wazapoteko, jamii ya wenyeji wa asili, kwenye mabonde ya kati ya Oaxaca kusini mwa Meksiko, huenda ukaalikwa harusi kabla hujawazoea majirani. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiingoje siku yenyewe. Fika siku moja au mbili kabla, wakati wanawake wanachambua pilipili kavu na kusaga viungo vya mole negro, mchuzi mzito mweusi wa pilipili, huku wanaume wakipasua kuni na kupanga meza, kwa sababu wenyeji humfahamu mtu kazini kuliko karamuni. Asiyejua kupika hakosi vyombo vya kuosha.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni guelaguetza, nami sizungumzii tamasha la Julai linalojaza watalii katika jiji la Oaxaca, bali utaratibu wa kusaidiana baina ya kaya. Ndugu na majirani huleta bata mzinga, mahindi, kakao, tortilla (chapati za mahindi) au mezcal (pombe kali ya mmea wa agave), na familia nyingi huandika daftarini jina la aliyeleta na kiasi chake, kwa kuwa kitu hicho kitarudishwa siku naye atakapokuwa na shughuli. Aliyelelewa katika michango ya harusi ya kwetu ataelewa upesi, ila azingatie kwamba deni la huko hulipwa kwa kitu cha aina ileile, laweza kukaa miaka mingi, na hata watoto hulirithi. Kwa hiyo usilete zawadi kubwa kwa nia njema tu, maana unaweza kumtwika mwenyeji mzigo asiouomba. Muulize kwanza mama mmoja wa jirani ni nini kinachofaa kwa mtu wa nafasi yako.

Ndoa ya serikali hufungwa mbali na ile ya kanisani, kufuatana na sheria iliyotolewa mwaka 1859 na serikali ya Rais Benito Juárez, ambaye mwenyewe alikuwa Mzapoteko wa Oaxaca. Kanisani utaona sarafu 13 ambazo bwana harusi humkabidhi bibi harusi, na lazo, kamba wanayovishwa wote wawili. Nyumbani, maharusi wanapopiga magoti kupokea baraka za wazazi na wasimamizi wao, nyamaza na uweke simu mfukoni. Naiona saa hiyo kuwa kiini cha harusi nzima, kuliko bendi ya tarumbeta au hata ngoma ambayo wachezaji hushika bata mzinga mikononi.

Ukipewa mezcal nawe hunywi, shukuru na ueleze kwa upole, bila kuisukuma glasi. Siku inayofuata huwa na tornaboda, watu wanapokula kilichobaki. Nenda pia, kwa kuwa masufuria bado hayajaoshwa, na ukifungiwa chakula cha kubeba, kipokee.