Karata kwenye kompyuta: mmeuliza, najibu

Kaka, natengeneza Solitaire (ule mchezo wa karata wa mtu mmoja) yangu mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nimekwama kwenye picha za karata, sipati nzuri. (Ngarenaro, Arusha)

Achana na picha kwanza chalii wangu. Karata ni namba tu, 0 mpaka 51, ukigawa kwa 13 jibu ndo aina na kinachobaki ndo thamani. Ukipanga shupaza, kopa, uru, pau, basi karata namba 27 inakupa 2 na inabaki 1, yaani mbili ya uru, maana tunahesabu kuanzia sifuri na 0 ndo esi. Mchezo ukishakubali kwa maandishi matupu, urembo utakuja.

Nachanga hivi: napita karata zote, kila moja naibadilishana nafasi na yoyote kati ya zile 52. Mshkaji anasema hazichanganyiki sawa, mi naona freshi tu. (Majengo, Moshi)

Mshkaji yuko sahihi, na hili linawapiga wengi. Jaribu na karata tatu: mtindo wako una njia 27 (3 mara 3 mara 3), mipangilio iko 6, sasa 27 utaigawaje kwa 6 isibaki kitu? Lazima kuna mipangilio itatokea mara nyingi kuliko mingine, na kwa macho huioni hata ucheze mpaka umeme ukatike. Dawa inaitwa Fisher-Yates, unaanza na karata ya mwisho, unaibadilishana na yoyote kuanzia ya kwanza mpaka hiyo yenyewe, iliyokaa mwisho huigusi tena, unarudi nyuma moja unaendelea hivyo hivyo. Hapo njia ni 3 mara 2, sita, kila mpangilio na njia yake. Python wanayo amri ya kuchanga, random.shuffle, tayari ila andika ya kwako walau mara moja, inanoga.

Solitaire yangu imegoma kufunga kabisa, karata hazipangiki zote mpaka mwisho, ni bagi (kosa kwenye programu)? (Njiro)

Si lazima. Solitaire ya mafungu saba ina migao isiyofungika hata ufanyeje, na FreeCell, mchezo mwingine wa karata wa mtu mmoja, ya Windows ya zamani ilikuwa na michezo 32,000 yenye namba, ile ya 11982 haina njia. We hesabu karata kila baada ya hatua, zikiwa 51 au 53 hapo sawa, bagi ipo, na mara nyingi ni kwenye kuhamisha fungu, umeweka huku hujatoa kule.

Na lasti kadi? Sheria za kijiwe chetu na za Sakina haziendani. (Pasua, Moshi)

Ziweke zote juu kabisa ya faili, mtu wa Sakina akija unabadili mstari mmoja mnacheza. Ila nani kasahau kusema "lasti kadi", huo ubishi malizaneni wenyewe.