Pesa ya nani iingie kwa wapinga rushwa? Maswali yenu

Wiki hii mmeuliza karibu kitu kimoja, vikundi na asasi za kupambana na rushwa mnataka kujua mchango upi mpokee na upi mrudishe. Najibu moja moja.

Dada, tunafuatilia ujenzi wa barabara kwenye kata yetu, na mkandarasi kajitolea kutupa milioni 5 za maadhimisho ya Siku ya Kupinga Rushwa Duniani, Desemba 9. Tuchukue? (Morogoro)

Hapana, na msisubiri kikao ndo mumjibu, mwambieni leo, kikao kije kiandike tu kwenye muhtasari.

Sisi tuliwahi kuletewa fulana boksi mbili, nzuri kabisa, ujumbe wetu mbele halafu kwenye mkono nembo ndogo ya kampuni, ukubwa wa kizibo cha soda, tukasema si pesa hii jamani ni nguo tu, tukazivaa. Wiki mbili baadae tukaenda kijijini kusoma matokeo ya ufuatiliaji wa visima, na kimojawapo kilichimbwa na kampuni hiyo hiyo na pampu haitoi maji. Bibi mmoja aliyekaa mbele akanishika mkono wa fulana, akauvuta aione ile nembo vizuri, akaniuliza, "Mwanangu, nyie mmetumwa na hawa au mmekuja kwetu?" Ripoti ninayo mkononi, ina picha na vipimo, hakuna neno hata moja lililobadilishwa kwa ajili ya fulana, lakini kikao kizima watu wanaangalia mkono wangu. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo yeyote mnayemfuatilia, au aliyeomba tenda kwenye mradi mnaoufuatilia, asiwape hata maji ya chupa ya kikao.

Kampuni ilikutwa na makosa ya rushwa, ikalipa faini, na sasa inasema imebadilika na ina mfuko wa kusaidia uadilifu. Hiyo pesa bado ni chafu? (Nairobi)

Hili ndo gumu kuliko yote. Hata wakubwa limewasumbua. Siemens, kampuni kubwa ya Ujerumani, mwaka 2008 ilikubali kulipa kama dola bilioni 1.6 Marekani na Ujerumani kwa mambo ya hongo, halafu 2009 kwenye makubaliano na Benki ya Dunia ikaahidi dola milioni 100 kwa miaka 15 kusaidia kazi za kupinga rushwa. Transparency International, shirika la kimataifa la kupinga rushwa, wale wa Berlin walioanza 1993, wakachukua dola milioni 3 kutoka kwenye mpango huo na wakalaumiwa sana.

Huku Tanzania tunayo kesi ya rada ya kuongozea ndege. Serikali iliinunua kwa pauni milioni 28 kutoka BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, na Desemba 2010 mahakama ya Uingereza ikaipiga kampuni hiyo faini ya pauni laki 5 kwa kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, huku pauni milioni 29.5 zikatakiwa ziende kwa Watanzania. Sasa angalia kilichofuata, kampuni ikaunda jopo lake la kushauri pesa itumikeje, wabunge wetu wakaenda London 2011 kupinga, na mwisho pesa ikapitia serikalini ikaenda kwenye vitabu vya shule na madawati. Wabunge wale naamini walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu aliyekosa akipewa nafasi ya kuchagua amsaidie nani, anachagua pia nani atamshukuru.

Basi ulizeni: kesi imeisha kweli au bado kuna nyingine? Nani anachagua wapokeaji, yeye au mtu wa kati? Anataka picha na nembo? Na pesa yake ni sehemu gani ya bajeti yenu, maana ikiwa nusu, siku akirudia makosa hamtaweza kumtaja. Mimi kwa asasi ndogo ya wilayani ningekataa moja kwa moja.

Shikamoo dada. Asubuhi tumekuta laki 8 zimeingia kwenye simu ya kikundi, namba hatuijui na hapokei. (Geita)

Marahaba. Msiiguse. Iandikeni kwenye daftari leo, saa iliyoingia na namba, mweka hazina na mwenyekiti wasaini, halafu muwapigie huduma kwa wateja wa mtandao muombe irudishwe. Kuna mtu anatuma pesa hivyo ili kesho aonyeshe ule ujumbe wa muamala aseme hawa niliwalipa wanyamaze. Mtu akitaka jina lisitangazwe sawa, labda ni mtumishi wa umma anaogopa bosi wake, ila bodi yenyewe lazima imjue.

Mama tuliyemsaidia shauri la shamba kaleta kuku wawili na debe la mahindi. (Kahama)

Shauri limeisha? Pokeeni kwa mikono miwili, andikeni, wapikwe ofisini wote mle na yeye awepo. Kama bado halijaisha mwambieni kwa upole, mama, rudi nao kwanza, tutakula siku ya kumaliza.

Tukimkataa huyu mfadhili, ambaye mradi wake tunaufuatilia, mishahara ya miezi mitatu hatuna. Wewe ungefanyaje? (Dodoma)

Pole, najua, nimeshakaa na wenzangu tukihesabu nani ana watoto shuleni. Ndo maana sera ya kupokea michango inaandikwa siku ambayo hakuna ofa mezani, maana ofa ikishafika kila mtu anapata sababu. Wekeni ukomo wa mfadhili mmoja, kusanyeni ada za wanachama hata elfu mbili mbili, na orodha ya waliowachangia ibandikwe ukutani hata kwa kiasi kidogo, msingoje zile milioni 20 ambazo kanuni za Tanzania za 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zinawataka mtangaze.

Kwa huyu wa sasa, muandikieni hivi: "Tunashukuru kwa nia yako. Kwa kuwa tunafuatilia mradi unaokuhusu, sera yetu hairuhusu kupokea mchango huu. Uamuzi ni wa bodi nzima." Asaini mwenyekiti, nakala iingie kwenye faili, na huyo bwana akimpigia mhasibu usiku kumbembeleza, mhasibu amsomee barua hiyo hiyo.