Mrija wa kiko uliopauka: tabaka bovu huondolewa, halipakwi mafuta

Ukiona kiko cha zamani mnadani kina mrija mweusi unaong'aa kupita umri wake, unuse. Wauzaji wengi huupaka mafuta ya kupikia mrija uliogeuka kahawia, ukaonekana mpya kwa siku chache. Mafuta yakikauka, ukahawia unarudi pamoja na uchungu wake mdomoni. Ninapenda sana viko vya chapa ya Kiko, vile vilivyotengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation kwa madini meupe ya Amboseli, na inaniuma kuona kazi nzuri namna ile imefunikwa badala ya kusafishwa.

Mirija mingi ya zamani ni ya vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Mwanga wa jua, hewa na unyevu huishambulia salfa iliyo juu, na ndipo rangi inapogeuka kahawia au kijanikijani. Mirija ya akriliki, ambayo ni plastiki, haipatwi na hali hii. Kama huna uhakika, sugua kwa nguvu kwa kitambaa: vulkanaiti hutoa harufu ya salfa.

Anza ndani. Pitisha nyaya za kusafishia kiko, zilizovikwa pamba na kuloweshwa alkoholi ya isopropili mpaka zitoke safi, kisha acha mrija ukauke kabisa. Usitumie spiriti ya taa, kwa kuwa ina methanoli na kitu hiki kinakwenda mdomoni.

Kwa nje, loweka mrija peke yake kwa saa chache katika maji ya vuguvugu yenye unga wa kuondolea madoa usio na klorini. Klorini huacha uso wa mrija na vishimo. Maji ya moto nayo ni hatari: vulkanaiti hukumbuka umbo lake la kwanza, na mrija uliopindwa kiwandani unaweza kunyooka. Kama mrija una alama ya kiwanda, kwa mfano tembo wa Kiko, ifunike kwanza kwa mafuta ya mgando.

Ukiutoa utauona umepauka zaidi kuliko mwanzo. Usiogope, tabaka bovu limelainika. Lisugue kwa kitambaa kigumu, halafu chukua msasa wa maji. Ukahawia ukiwa mzito anza na namba 400, ukiwa mwepesi 600 inatosha, kisha panda 800, 1000, 2000. Hapa ndipo watu huchoka mapema. Usipande namba mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia imeisha yote, na uangalie chini ya taa kali mrija ukiwa mkavu, kwa sababu maji huficha mikwaruzo na ukahawia vilevile. Pembezoni mwa alama tumia kijiti cha pamba na dawa ya meno, si msasa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni pale mrija unapokutana na shingo ya kiko. Ukisugua ukingo ule ovyo unakuwa butu, na ukiurudisha mrija utaona ufa mdogo ambao hauzibiki. Kwa viko vya mbao, mafundi wengi husugua mrija ukiwa umechomekwa, na shingo imezungushiwa utepe. Kwa viko vya Amboseli sishauri hivyo. Vumbi jeusi huingia kwenye madini yale meupe, na vile vilivyovikwa ngozi hupata madoa. Kata kiduara cha plastiki ngumu chenye tundu katikati, kivishe kwenye ncha inayochomekwa, kikulindie ukingo.

Alama za meno huinuka zenyewe ukipitisha moto wa kibiriti cha gesi juu yake kwa mbali, mkono ukitembea bila kusimama. Fanya hivyo kabla ya msasa.

Malizia kwa nta ya karnauba na kitambaa laini. Mafuta kidogo ya madini yanafaa sasa, maana hakuna tena kinachofichwa.

Baada ya hapo, kiko kikae ndani ya droo, si dirishani. Kila ukimaliza kuvuta, futa mate kwenye mrija, na usiuchomoe bori likiwa bado la moto, shingo isije ikapasuka.