Mkuu, weka nyundo chini kwanza kabla ya hicho kioo cha bagua

Nimesoma uzi wako mpaka pale uliposema dalali kakwambia ununue kioo cha bagua, kile cha Wachina cha kurudisha mizimu, ukipigilie juu ya mlango, chai ikanipalia. Chumba Guangzhou, bei chee, mwisho wa korido, ukuta una majimaji, usiku unasikia kama gololi zinadondoka kwa mtu wa juu. Hicho chumba nimeshakaa mimi. Kama siyo chenyewe, basi gololi ni zile zile.

Mwaka 2015, Sanyuanli, mtaa wa huko huko Guangzhou, nafunga mzigo wa viatu. Kodi yuan 2,200 wakati wenzangu jengo hilo hilo wanalipa 3,000. Sikuuliza kwa nini, nilidhani ni ujanja wangu wa kupatana bei. Nikaweka dipoziti ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja juu yake. Machi ikaingia. Naamka asubuhi ukuta unatoka jasho, matone yanashuka mpaka chini, vigae vimelowa kama mtu kapiga deki akaenda zake. Mimi mtoto wa Tanga, nikajua tayari humu kuna mwenye nyumba mwingine.

Akatokea Mbongo mmoja mjuaji, mkongwe wa kule, wa kila kitu "niachie mimi". Mungu anamwona alipo. Akanipeleka kwa fundi wa feng shui, elimu yao ya kupanga nyumba ipate bahati, mwenye ile dira yao, luopan, imejaa maandishi duara ndani ya duara. Na kusema kweli somo lilinyooka. Yang ni jua, moto, kelele, watu. Yin ni kiza, baridi, majimaji, ukimya. Mzimu ni yin tupu, kwa hiyo unafuata yin mwenzake: nyumba iliyofungwa muda mrefu, iliyopakana na makaburi au hospitali, chumba kisichoona jua. Mwisho wa korido ndiko chi, yaani pumzi ya uhai, inafika imechoka na kutuama kama maji ya mtaro. Akasema kuna na mti unaitwa huai, ukiuandika kwa Kichina ni alama ya mti imekaa pamoja na alama ya mzimu, wapo wasiotaka hata kuuona karibu na nyumba. Nikasema kumbe hawa ndugu zetu kabisa, sisi mbuyu wao huai. Nikafungua pochi.

Yuan 1,500 ya kuzunguka na dira. Agizo la kwanza, madirisha wazi usiku na mchana, chi safi iingie. Agizo la pili, kioo, yuan 280: kibao cha pembe nane, chekundu na kijani, vimistari pembeni, katikati kioo cha ukubwa wa kisosi. Kipigwe nje, juu ya mlango.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipozika hela. Kile kioo hakiui ubaya, kinaurudisha. Ukirudishwa unaenda wapi? Mbele yangu, hatua tatu, kulikuwa na mlango wa bibi mmoja. Sakafuni kando ya mlango ana kijialtare chekundu cha mungu wao wa ardhi, machungwa matatu na udi kila asubuhi. Na mimi kwa mikono yangu nimesimama juu ya stuli, nimempigilia bibi wa watu kioo cha kumtupia mizimu yangu sebuleni. Kesho yake hakuitikia salamu. Keshokutwa natoka, nakutana na kioo chake juu ya mlango wake, mara mbili ya changu, kimenielekea mimi. Ikawa korido ya vita, mizimu inadundadunda kama mpira wa meza. Ningecheka, ila wiki ile mjukuu wake akashikwa na homa.

Mwenye nyumba kapigiwa simu, kaja jioni na mdogo wake. Siku tano niwe nimetoka, na dipoziti ndiyo imekwenda, eti nimevuruga jengo. Piga hesabu: 4,400 ya dipoziti, 1,500 ya fundi, 280 ya kioo. Yule mjuaji nikimpigia simu "yuko Yiwu", mji mwingine kabisa.

Siku ya kubeba mabegi, mlinzi wa getini akanihurumia, akanieleza kwa kuchanganya ishara na Kichina cha sokoni. Hakuna aliyefia mle. Mpangaji aliyepita alirudi kwao Hunan, basi. Gololi ni mabomba. Na jasho la ukuta lina jina, huinantian: baridi ikiisha, hewa ya joto yenye unyevu inarudi kutoka baharini kusini, inakuta kuta na vigae bado vya baridi, inageuka maji. Jengo zima linalia, chumba changu zaidi kwa sababu kinatazama kaskazini, na ndiyo maana kodi ilikuwa chini. Dawa yake? Funga madirisha. Bibi alikuwa anayafunga kila mwaka. Mimi nimelipa 1,500 niyafungue.

Kwa hiyo usilipe mtu wala usitundike kitu mpaka umegonga mlango wa mbele na matunda mkononi. Hata kama kweli kuna mtu alijiua au aliuawa mle, nyumba ambayo wao wanaiita xiongzhai na bei yake huporomoka, Hong Kong mpaka kuna tovuti zinaziorodhesha, dalali atakwambia "mtu kahama tu". Jirani atakwambia hujamaliza hata kusalimia.

Uliuliza nini kingine, kitanda? Kisitazamane na kioo, wanasema roho ikizurura usiku inajishtukia yenyewe. Kuhama Agosti sijui nini, ndiyo mwezi wa saba wa kalenda yao, wa mizimu, wengi wanakwepa, wewe muulize bibi. Mengine nimesahau, uzi wako mrefu.

Kioo changu kipo stoo Kariakoo, kimefungwa gazeti. Mke wangu kagoma kisiingie ndani, na jirani wa stoo kashaanza kuniuliza kinaelekea wapi.