Fomu Inayokula Majibu

Swali la wiki: Ni kasoro gani ya tovuti inayokukera kuliko zote, na ungependa irekebishwe vipi?

Mhariri, najua wengi watawaandikia kuhusu matangazo yanayoruka mbele ya macho na video zinazoanza kupiga kelele zenyewe. Yanaudhi, sikatai, ila ukiyafunga yamekwisha. Mimi ugomvi wangu ni na fomu. Nasema ile inayokuacha ujaze ukurasa mzima, ubonyeze "Tuma", kisha inakurudishia mstari mwekundu kule juu unaosema kuna kosa, bila kutaja kosa lenyewe, na nafasi zote ulizojaza zimekuwa tupu tena.

Fomu ndizo zinazonilisha. Nina kibanda cha sekretari hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na soko kuu: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na betri ya sola ya kutuvusha umeme ukikatika. Watu wanakuja kuomba pasipoti, namba ya mlipakodi, nafasi za chuo, viza, kazi za mashirika. Karibu kila huduma sasa imehamia mtandaoni, na wenye simu ndogo au wasiozoea kompyuta wanapitia vibanda kama changu. Anakuja Mlugbara, anakuja Mkakwa, anakuja mfanyabiashara kutoka Ariwara, Kongo, ng'ambo ya mpaka, anakuja mzee aliyestaafu jeshini, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Fomu ni ya Kiingereza. Kwa hiyo nasoma swali, namweleza mteja, nasubiri akumbuke au apige simu kijijini kuuliza, ndipo naandika.

Hapo ndipo tovuti inapotumaliza. Nyingi zina saa ya kuhesabu muda ambayo hatuioni. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha tovuti, haijui kwamba mnaongea, wala haioni herufi unazoandika. Inachohesabu ni mara ya mwisho kompyuta yako ilipoomba kitu kutoka kwake. Mtu anaweza kuandika maelezo yake kwa nusu saa bila kupumzika, na kwa seva huyo ni mtu aliyeondoka. Akibonyeza "Endelea" anarushwa nje, anaambiwa aingie upya. Kuna mama alikuwa anamjazia binti yake maombi ya chuo, tukafika kwenye majina ya shule na alama za mtihani, tukatupwa mwanzo. Akanitazama. "Mwanangu, kwani haya tuliyosema yote yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nililipa bando mimi, nikaanza tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yake inajulikana zamani. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, lilitoa mwongozo mwezi Desemba 2008 unaosema wazi kwamba muda ukikaribia kwisha mtumiaji aonywe, apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe kimoja. Mwongozo huohuo unasema kosa likigunduliwa, itajwe ni nafasi ipi na kosa ni lipi, kwa maandishi. Si rangi nyekundu peke yake. Na hayo yamewekwa kwenye daraja la chini kabisa la kanuni zao, lile ambalo tovuti ikilikosa imekosa yote.

Nirudi kwenye kosa lisilotajwa. Mara nyingi, ukichunguza, utakuta kosa si la mteja hata kidogo. Ni fomu iliyokuja na mtu wake kichwani. Mtu huyo ana jina la familia analogawana na baba, mama na watoto. Hapa kwetu Lugbara, jina la mtoto mara nyingi hueleza hali iliyokuwa nyumbani alipozaliwa, iwe msiba, iwe ugomvi wa majirani, iwe njaa, na kila mtoto anapata lake. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina moja la kuwaunganisha. Sasa fomu ya viza inauliza jina la familia la mama, halafu la watoto, ikiona hayafanani inawasha alama ya mshangao. Kuna nafasi ya kueleza, ndiyo, lakini haizidi sentensi moja. Mzee mmoja aliyekuwa na jina moja tu kwenye cheti chake alinishauri tumwandikie jina lake mara mbili. Ikakubali! Fomu iliyokataa ukweli ikapokea uongo bila kuuliza.

Mtu huyo wa fomu pia ana msimbo wa posta. Sisi tuna sanduku la posta, na wengi hata hilo hawana, barua zao zinapitia parokiani, msikitini au shuleni. Lakini nafasi ina kinyota chekundu, lazima ijazwe. Wengine tunaandika sufuri tupu, wengine 256 ambayo ni namba ya simu ya nchi. Tarehe ya kuzaliwa anaianza na mwezi, kwa mtindo wa Marekani, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 3 Aprili anageuka wa tarehe 4 Machi na hakuna anayeshtuka mpaka siku ya mahojiano. Simu yake haianzi na sufuri. Orodha ya nchi nayo unaijua: unaburuta kidole kutoka Afghanistan mpaka Uganda, ukiteleza kidogo umekuwa raia wa Ukraine.

Fomu za nyumbani nazo haziponi. Zinataka wilaya, kisha kaunti, kaunti ndogo, parishi, kijiji, na kila ukichagua moja ukurasa unapumua kwanza ndipo unafungua inayofuata. Mtandao ukiwa mzito, hapo unaweza kunywa chai. Tatizo kubwa ni kwamba mipaka yetu haikai. Koboko ilitoka Arua mwaka 2005. Madi-Okollo ikatoka mwaka 2019. Mwaka 2020 Terego ikajitenga, na mji wenyewe ukawa jiji. Mtu aliyezaliwa Terego kabla ya hapo ana cheti kinachosema Arua, kitambulisho kinaweza kusema Arua, na nyumba yake haijasogea hata hatua. Achague nini? Orodha nyingine bado ni za zamani, nyingine zimesahihishwa, nyingine zimechanganya. Ukichagua tofauti na ilivyo kwenye kumbukumbu yao, "Taarifa hazilingani." Zipi? Kimya.

Kuhusu lile jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti, sitasema mengi. Ila niliwahi kuambiwa nichague picha zote zenye teksi. Uganda nzima inajua teksi ni ile gari nyeupe ya abiria 14 yenye ukanda wa bluu. Wao walikuwa wanataka gari dogo la njano. Kwa hesabu yao, mimi ni roboti.

Yale mabango ya kukubali vidakuzi, vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta yako ili ikukumbuke, hayanisumbui sana, ingawa najua yanawaudhi wengi tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kazi Mei 2018. Nabonyeza, napita.

Mtu atasema hizi ni taabu ndogo za watu wasiojua kompyuta. Nakataa. Kila ukurasa unaopakiwa upya ni bando, na kwenye bando kuna kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Mteja aliyetoka Rhino Camp amelipa nauli, amefunga biashara yake siku nzima. Fomu ikimkataa saa kumi jioni, analala mjini au anarudi mikono mitupu. Linganisha na menyu ya nyota na reli (* na #) ya kutuma pesa kwa simu: haina picha, haina rangi, nayo pia ina saa yake, lakini inauliza kitu kimoja kimoja, na kabla ya kutuma inakusomea namba na kiasi ili uhakikishe. Bibi asiyejua Kiingereza amekariri mpangilio wake na anatuma pesa Koboko bila kuniita.

Mnauliza irekebishwe vipi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark wa kufanya tovuti ziwe rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu tovuti na watu 5 kunatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu watano huwa nao kwenye benchi langu kabla ya saa tatu asubuhi. Watengenezaji wa tovuti waje wakae nao, wasiseme neno, watazame tu. Na wakiweka sehemu ya kuhifadhi kazi isiyokwisha, waiweke kwenye seva, mteja apewe namba yake ya kurudia. Kuna wanaoihifadhi ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, na hiyo kwa mwenye kompyuta yake ni sawa, lakini kibandani kwangu anayefuata atakuta jina, simu na namba ya kitambulisho ya aliyetangulia.

Kwa sasa nimejitengenezea njia yangu. Nimepitia fomu zinazoombwa sana, nikanakili maswali yote mpaka la mwisho, nikayaandika kwa Kiswahili na Kilugbara kwenye karatasi. Mteja anaichukua nyumbani, anaijaza kwa kalamu, anauliza wazee, anarudi nayo kamili, nami naichapa haraka kabla saa ya seva haijaisha. Naiuza shilingi 500. Shida ni kwamba tovuti moja ilibadilisha maswali yake yote juzijuzi bila tangazo, na rundo la karatasi nililokuwa nimechapisha sasa tunaandikia mahesabu ya duka upande wa nyuma.

Msomaji wenu, Arua